Wacha Mbegu!

Jumamosi nilipanga foleni kwenye sinema moja hapa Nakuru. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Kabazi, kiondo mgongoni. Muuza tikiti akamwambia, "Mama, hii ni ile ile ya wiki jana."

"Najua. Nipe tu."

Ni sinema ya bei rahisi, ya watu waliobaki baada ya dunia kuteketea. Majivu yenyewe ni unga, hata kipofu angeona, na ukumbi mzima ulikuwa ukicheka. Kisha jamaa mmoja kwenye filamu akaokota debe la mahindi, akawasha moto, akaanza kuyakaanga yote. Kicheko kikakatika. Watu wakasimama wakimfokea: "Wacha mbegu, wewe! Wacha mbegu!"

Mama hakufoka. Alijiziba mdomo kwa leso.

"Ni mchezo tu, mama," nikamnong'oneza.

"Bwana yangu alikaanga hivyo hivyo, mwaka ule wa njaa," akasema. "Watoto walikuwa wanalia. Halafu mvua ikanyesha, tukaiangalia tu."

Wazungu wanaotengeneza sinema hizi hudhani dunia itakwisha kwa kishindo, kila mtu asikie. Wangepita Kabazi wangeambiwa ilishakwisha kimya kimya, na kesho yake watu wakaamka kwenda kuchota maji.

Tulipotoka, mama alirudi dirishani. "Wiki ijayo mnaonyesha tena?"

"Hii hii, mama. Haibadiliki."

"Sawa," akasema. "Pengine atabakisha kidogo."