Seli Haichomwi, Inangojwa

Mwanangu, iko siku moja sijaisahau. Nilitoka Myanga na viazi vitamu vyangu, nikamfuata mjukuu wangu Nasimiyu kwenye maabara ya chuo chao kule Kitale. Shule mimi niliionja tu, lakini macho ninayo.

Asubuhi alikuwa amepitia kichinjioni kuchukua zile tezi ndogo zinazokaa juu ya figo za ng'ombe. Humo ndimo inamotoka homoni ya hofu, ile inayofanya moyo udunde ukikanyaga nyoka. Akazitenga seli zake zikiwa hai, ndani ya maji ya vuguvugu. Kando ya seli moja akasogeza uzi wa kaboni, mwembamba kuliko unywele, wenye umeme kidogo. Homoni ikigusa uzi, umeme unaongezeka, na kwa kioo cha kompyuta mstari unaruka kama mwiba.

Mstari haukuruka. Na seli zilikuwa zinaelekea kufa. Bila miiba hiyo, angesimama mbele ya walimu wake mikono mitupu.

"Si uisukume na huo uzi, bana!" mwenzake Wafula akamwambia. "Ati unabembeleza seli kama bibi arusi?"

"Nikiichoma itamwaga kila kitu na kufa. Hapo nitakuwa nimepima kifo."

Maneno hayo yalinirudisha kwa mama mkwe wangu, mwanamke mkali, Mungu amlaze pema, ingawa chai yake ilikuwa maji tu. Nilipoolewa, nilivuta chuchu za ng'ombe wake mpaka nikapigwa teke. Akaniambia, "Binti, maziwa ni yake. Mpe ndama anyonye kwanza, ndipo uombe."

Nasimiyu akadondosha maji ya chumvi karibu na seli, ya kuiamsha, akakunja mikono. Tukangoja. Mwiba! Halafu mwingine, na mwingine.

"Kukhu, bibi yangu, kila mwiba ni kifuko kimoja cha homoni kimefunguka!"

Haba na haba hujaza kibaba. Nikapiga vigelegele, mstari wote ukachafuka.

"Kukhu, nyamaza, unatikisa meza!"

Wafula akacheka, kisha akavuta kiti, akakaa kutazama jinsi mwenzake anavyongoja.

Basi sikia, mwanangu. Chenye uhai hakikupi kilicho ndani kwa kuchomwa, awe ni mnyama, mke, au mtoto mkaidi. Kiandalie, kaa karibu, ungoje. Wakikucheka, waache wacheke; mbivu atakula mvumilivu. Mungu akupe mkono mtulivu, akupe na wajukuu watakaokupita akili, uzeeke ukijivuna kama mimi.