Uso wa Mama na Sanamu ya Shaba

Miaka ya hamsini mama alikuwa akifua nguo kwa Mzungu mmoja mjini Iringa, mwanamke aliyefinyanga sanamu. Mwaka mmoja surua iliwachukua wadogo zangu wawili, wa pili kabla matanga ya wa kwanza hayajaisha. Mama alirudi kazini macho yamevimba. Memsahibu alimtazama, kisha akanigeukia mimi niliyejua Kiingereza cha shule.

"Mwambie akae pale mlangoni. Awafikirie watoto wake."

Nilikasirika, lakini nilitafsiri. Mama akawa anakaa, analia, na yule anafinyanga. Memsahibu alinieleza kwamba anayemfinyanga ni Niobe, mama wa hadithi za Wagiriki wa kale: miungu ilimwulia watoto wote, akalia mpaka akageuka jiwe.

Umbo lile likapelekwa Ulaya kumiminwa shaba. Liliporudi likawekwa katika bustani ya klabu ya Wazungu, Mbeya. Mama akasema, "Nataka kuliona."

Tulipanda basi, tukalala kwa mama mdogo Mbalizi, asubuhi tukaenda. Askari wa getini, mtu mweusi kama sisi, akatuzuia.

"Hapa hamwingii, mama."

"Hata mimi niliyemo humo?" Akampita.

Lilikuwa dude refu, halina macho wala mdomo. Tumboni lilitobolewa tundu kubwa, nikawaona Wazungu upande wa pili wakinywa chai. Memsahibu, aliyekuwa miongoni mwao siku hiyo, akaja mbio.

"Mwambie hii ni huzuni ya wanawake wote."

"Mwulize," mama akasema kwa Kihehe, "hao wanawake wote walizika wanangu? Uso wangu ameupeleka wapi?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Memsahibu akajibu kwamba mama amechoka, apewe chai jikoni.

Mama akavua khanga yake ya juu, akaifunga kiunoni mwa sanamu, akaikaza kama wanawake wanavyomfunga mfiwa. Mzungu mmoja akaing'oa, akaitupa majanini. Tukasukumwa nje.

Kazi aliiacha. Alilima viazi Kihesa mpaka uzeeni, na habari ile hakuitaja tena. Mimi ninaitaja. Juzi mjukuu wangu, aliyesomea sanaa, alinionyesha picha ya sanamu hiyo.

"Bibi, lakini ni kazi nzuri sana."

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Alitoka, na sijamwita.