Cherehani Ni ya Nani

Nyumba ya Nedyalka ina vyumba vinne, ila chenye uhai ni kimoja tu, kile cha cherehani. Anawapunguzia watu suruali, anashona mapazia. Asipopata mteja anashona matambara tu, ilimradi kitu kingurume humo ndani.

Mwanawe Plamen yuko Uhispania, mwaka wa saba huu. Aliacha deni benki, na kwenye karatasi za serikali bado anakaa kwa mama yake. Basi dalali wa mahakama akaja, akabeba cherehani.

Nedyalka akaweka pingamizi. Hapo lazima uthibitishe kwamba mali ni yako, si ya mdaiwa. Risiti hana, nani anatunza risiti ya mwaka themanini na nne? Akampeleka jirani yake Yordanka awe shahidi.

"Umewahi kumsikia akisema cherehani ni ya nani?" wakili wa benki akamuuliza Yordanka.

"Ya Plamen. Kwake kila kitu ni cha Plamen. Hata paka."

Watu wakacheka. Wakili akaandika haraka.

Ukweli ni kwamba akina mama wote wa mji wetu huu wa Gabrovo husema hivyo. Nyumba ya mwanangu, mizabibu ya mwanangu. Huyo mwana mwenyewe hata simu hapigi.

Hakimu, mwanamke wa makamo, akavua miwani. "Mama, mwanao anakuja nyumbani?"

"Atakuja Pasaka."

"Pasaka iliyopita alikuja?"

"Hapana."

"Ya kabla ya hiyo?"

"Sema basi, mwenzangu," Yordanka akanong'ona kutoka kwenye benchi. "Watakula cherehani yako."

"Wewe nyamaza. Umeshasema ya kutosha."

"Mama," hakimu akasema, "mwanao ana kitu gani mle nyumbani? Nguo? Viatu?"

Kila Jumamosi kwa miaka saba Nedyalka ametandika shuka safi kwenye kitanda cha Plamen. Akakitazama kidole chake kilichotobolewa na sindano.

"Hana kitu," akasema. "Hakai pale. Naishi peke yangu."

Karani akaandika, hakimu akamsomea yote kwa sauti, neno kwa neno, mbele za watu. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo."

Cherehani ikarudishwa Alhamisi. Yordanka akaja na pai ya moto ya banitsa, jibini linachuruzika.

"Umeshinda, mbona umenuna hivyo?"

"Nimeshinda," Nedyalka akasema, akaipokea sahani, akafunga mlango.