Uzito wa Bi Pindo

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaani kote aliitwa Bi Pindo, fundi wa mapazia, kwa sababu hakuna pazia lililotoka mkononi mwake likapeperuka hovyo. Ndani ya kila pindo alishonea vyuma vidogo vizito, vya duara kama vifungo, ili kitambaa kishuke chini kwa heshima zake. "Mimi nashona pazia, sishoni bendera," aliwaambia wateja.

Alikuwa mjane, mtu wa kunyoosha shingo, na hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu. Mteja akisema kesho atapitia, yeye alichekea puani. Kwa hiyo ulipoonekana ule uvimbe kwenye titi, na daktari akasema ni saratani ila imewahiwa, alimtazama kama alivyowatazama wauza vitambaa wanaoapa kwamba rangi haichuji.

Nyumbani ndiko kulikomtia wasiwasi zaidi. Mwanawe, dereva wa malori, alikuwa njiani siku nyingi kuliko alizolala kwake. Bi Pindo alibaki na mkwe wake, msusi. Miaka yote mkwe huyo alitoka asubuhi na chai yake ya haraka, kila mtu na lake. Sasa ghafla anaamka mapema kumkorogea uji mzito wa maziwa na karanga, anamkaangia mayai, mchana maharage.

"Kula, Mama. Muuguzi amesema mwili uingie kwenye dawa una nguvu."

"Kwani naenda vitani?"

"Ndiko huko huko. Kula."

Bi Pindo akala vijiko viwili. Mtu ambaye juzi hakujua kama mama mkwe wake ameshiba au ana njaa, leo imekuwaje? Tena alikuwa amemkuta, kwa macho yake mawili, akipima dirisha la chumba cha kushonea, lile linalotazama barabarani, kwa utepe wa Bi Pindo mwenyewe. Alipoingia, mkwe akakunja utepe mbio mbio. "Natafuta sindano, Mama." Sindano, dirishani! Machoni pa Bi Pindo chumba kile kilikuwa saluni tayari, vimebaki vioo tu.

Tangu siku hiyo uji ukawa na ladha. Ladha gani, hakujua, lakini ilikuwepo. Mkwe akigeuza mgongo, bakuli lilipita mlango wa nyuma kwenda kwa kuku wa jirani. Kuku wale walinenepa mpaka wakaanza kutembea kama wake wa mabwana wakubwa.

Mambo hayakuishia kwenye uji. Akaambiwa atembee kila asubuhi hadi kwenye kiwanda cha matofali na kurudi. Alitembea, lakini alikuwa akigeuka nyuma kuhakikisha hakuna anayeingiza vioo kwake. Wakampeleka na kwa daktari wa meno.

"Ugonjwa uko kifuani, nyinyi mnanichungulia mdomo?"

Muuguzi wa kliniki, mwanamke wa makamo mwenye sauti kavu, akamweleza kwamba dawa ile huweza kuchubua kinywa na kupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo jino bovu lishughulikiwe mapema. Akamwonya pia asinywe mizizi wala unga wowote bila kuwauliza. Bi Pindo akajibu, "Sawa, mwanangu," ile sawa ya kumaliza maneno.

Kisha akapandishwa kwenye mizani. Muuguzi akaguna. "Mama, umeshuka. Ukiendelea hivi, daktari ataisogeza mbele siku ya kuanza dawa."

Kumbe! Hapo Bi Pindo akaona amelifumbua fumbo lote. Wanangoja ashuke, waseme hafai, arudishwe nyumbani akaishe taratibu. Alirudi akazibana nguo zake ubavuni zisionekane kupwaya. Gauni la kwendea hospitali akalifumua pindo na kulijaza vyuma mzunguko mzima. Alipolivaa lilishuka vizuri, hata akajisifu kimoyomoyo.

Safari iliyofuata alivua viatu, akaweka mkoba pembeni, na gauni hakuna aliyeligusa. Mshale wa mizani ukapanda.

"Hongera, Mama! Mkwe wako anajua kulisha."

Mkwe hakucheka. Alikuwa akiitazama saa ya Bi Pindo inavyozunguka mkononi kama bangili ya kuazima. Anajua, Bi Pindo akawaza. Ananivizia huyu.

Siku ya dawa ikafika. Akakalishwa kwenye kiti cha kuegemea, mkwe kwenye kigoda pembeni, muuguzi akiandaa vifaa vyake. Bi Pindo hakuwahi kumwacha fundi yeyote afanye kazi bila kumhoji.

"Kipimo cha dawa yangu mmekitoa wapi?"

"Mwilini mwako, Mama. Urefu wako na uzito wako wa juzi. Ni kama nguo ya kupimwa, kila mtu na yake."

"Na ikizidi?"

"Inakuumiza. Ndiyo maana tunapima."

Akapapasa pindo la gauni lake. Pengine muuguzi anamtisha tu. Hao nao wana maneno yao. Lakini alijua vizuri sana kinachotokea fundi akipewa kipimo cha uongo. Nguo inaharibika, na safari hii nguo ni yeye. Akisema, wataahirisha, na msusi atapata alichokuwa akikipimia dirisha. Asiposema, ataingiziwa dawa ya mwanamke mnene asiyekuwepo.

Akamgeukia mkwe. "Wewe. Dirisha langu ulikuwa ukilipimia nini?"

Mkwe alitazama sakafu, halafu akamtazama yeye. "Nilikitaka chumba, Mama. Kabla hujaumwa. Nilikosa pa kuanzia kukuambia."

"Nilijua!"

"Na uji ulikuwa unampa nani?"

"Kuku."

"Na mimi nilijua. Mayai unayokula nanunua kwa jirani huyo huyo. Niliogopa nikikusema utakataa hata hivyo vijiko viwili."

Angekana, Bi Pindo angefunga mdomo na dawa ingeingia. Lakini mtu amekubali baya lake mbele ya mgeni, bila kulipaka sukari. Hilo hakuwa amelitegemea.

"Mwanangu," akamwambia muuguzi, "weka chini hiyo sindano. Nipe mkasi."

Akainua pindo, akakata uzi. Vyuma vikaanguka sakafuni kimoja kimoja, vikabingirika hadi chini ya kabati. Muuguzi akashika kichwa.

"Mama! Ulitaka kujiua?"

"Nimesema kabla hujachoma. Usinipigie kelele."

Akapimwa upya. Daktari akaja, akasema leo hapana, akataja tarehe nyingine. Bi Pindo akamtaka airudie mbele ya mkwe, awepo shahidi.

Nyumbani alikula, lakini kwa masharti: mkwe aonje kwanza, tena achote kutoka chini ya bakuli. Mkwe akachota, akameza, akapanua mdomo kuonyesha. Wakazoeana hivyo hivyo, kwa kuviziana.

Tarehe ilipofika, Bi Pindo alipanda mizani na gauni jepesi lisilo na pindo. Uzito ulikuwa umepanda kidogo, wa kweli. Daktari akasema tunaanza. Alipofikishwa kwenye kiti, akaomba asogezewe mfuko wa dawa. Akalilinganisha jina lililoandikwa pale na la kwenye kadi yake, herufi kwa herufi, kidole kikitembea. Ndipo akanyoosha mkono.