Kiti Iliyoangalia Ukuta

Mtu akiniletea stori ya kuogopesha, kwanza naangalia kama kuna bundi. Bundi akiwa hapo, namrudishia mwenyewe karatasi yake. Nimeishi mtaa wa Umoja maisha yangu yote na sijawahi ona bundi. Tuko na kunguru, na hao hawatishi mtu, wanaiba sabuni tu.

Huu ujinga wa kutisha watu na bundi naujua vizuri kwa sababu nilikuwa bingwa wake. Nilikuwa kidato cha tatu. Mwalimu wa Kiswahili alisema insha moja ya kutisha itasomwa mbele ya wazazi siku ya wazazi, Jumamosi. Nikamwambia mathe, mama yangu. Mathe anauza mitumba, na Jumamosi hajawahi kufunga kibanda, hata ndugu yake akioa. Akaniuliza, "Itakuwa yako?"

Nikasema ndio.

"Basi nitafunga."

Nikaandika kurasa sita. Radi, na ilikuwa kiangazi. Damu mpaka kwa dari. Jeneza. Halafu yule mwanamke mrembo wa kwato za mbuzi, ambaye darasa letu lote lilikuwa naye kwa insha, sijui alikuwa anapata wapi wakati wa kutembelea watu arobaini. Na mapambo, kwa sababu mwalimu alikuwa anapiga tiki nyekundu kwa kila pambo: moyo ukadunda kama ngoma, jasho likatiririka kama mto. Mtu anaogopa, na bado ako na nafasi ya kutafuta mfano!

Jumapili mchana nikaenda kuwasomea wamama wapangaji wa ploti yetu wakifua nguo uani. Nilipofika kwa kwato, mmoja akauliza, "Na viatu anavaa namba gani?"

"Anaenda kwa fundi wa punda!" mwingine akasema. Walicheka mpaka beseni ikamwagika.

Mama wa nyumba ya nyuma hakucheka. Huyo ametoka magharibi mwa nchi, si mtu wa maneno mingi. Alikuwa anakamua shati.

"Sisi tukikaa mtaa wa Huruma," akasema, "kila asubuhi tulikuwa tunapata kiti moja imegeuzwa. Imeangalia ukuta."

"Nani alikuwa anageuza?"

"Sijui. Tulikuwa watatu, na kufuli iko ndani."

"Sasa mlifanya nini?"

"Tulikuwa tunairudisha tu. Halafu siku moja tukapata mbili." Akakung'uta shati, akaianika. "Tukahama. Nipatie hiyo kibanio."

Hakuna mtu aliuliza habari ya viatu. Mimi nilisimama hapo na kurasa zangu sita nikijidharau. Huyu mama hakuwa ametumia hata tone moja ya damu. Hakusema aliogopa. Hakusema ni nini. Alisema kiti, na kila mtu ako na kiti kwake.

"Mama, naweza andika hiyo?"

"Andika. Si yangu."

Nikaandika ukurasa moja na nusu. Hiyo stori nikaihamishia kwa nyumba yetu, kwa viti zetu nne na vitambaa vya mathe vya kushona na mkono. Nikaongeza kitu moja tu: kiti imegeuka, lakini kitambaa juu yake bado imelala sawa, haijakunjika hata kidogo. Nikaacha hapo. Watu hawajui kuacha. Stori imeshakushika shingo, na mwandishi bado anakuelezea mkono ni ya nani.

Alhamisi mwalimu aliisoma akiwa amesimama. "Mapambo yako wapi? Hii ni taarifa ya polisi." Akachagua ya kijana wa dawati la mbele. Jeneza, radi, kwato.

Nilikuwa na siku mbili za kumwambia mathe. Sikumwambia.

Jumamosi alikuja na nguo yake ya kanisa, akakaa benchi ya kwanza. Yule kijana akasoma. Jeneza likafunguka mara tatu. Wazazi wakajipepea na programu. Mathe alisikiza kidogo, halafu nikaona anaangalia pindo ya nguo ya mama aliye kando yake, vile anaangalianga mitumba. Hapo nikajua amejua.

Tulipofika nyumbani, jua bado iko kwa dirisha, akakaa na nguo yake ya kanisa. "Leta yako."

"Haikuchaguliwa, mathe."

"Nilifunga kibanda nisikie yako. Soma."

Nikasoma. Nikamaliza. Mathe akainuka aende kuweka chai. Akipita ile kiti ya karibu na ukuta, akaisukuma na goti mpaka ikaangalia mlango. Akanyoosha kitambaa. Akatembea hatua mbili, akageuka, akaiangalia tena.

"Kesho asubuhi," akasema, "mtu asiguse hizo viti kabla niamke."