Mbili ya Ukutani

Musau alikuwa ameshatoka na basi la zamu ya asubuhi Syombua alipoanza kuyatilia shaka maneno yake.

"Wa Katangi," alikuwa amemwambia mlangoni akivua glavu, "ng'ombe imekula mbili. Uichunge, isitoroke kutafuta maji kama za kwenu."

Ng'ombe ni tangi la chuma katika kiwanda cha chanjo ya mifugo, Athi River. Ndani yake hukuzwa vijidudu vya kutengenezea chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi. Hulishwa maji ya sukari saa mbili asubuhi na saa nane mchana, zamu zinapopokezana. Vikikosa mlo, hufa njaa. Vikilishwa mara mbili, tangi huchachuka navyo hufa vilevile, na kazi ya wiki tatu humwagwa.

Imekula mbili. Saa mbili asubuhi, basi, na sasa ni zamu yake kulisha. Lakini Musau alikuwa na mazoea ya kusoma saa kama inavyoonekana ukutani, na mshale mfupi ulikuwa kwenye mbili. Huenda ameilisha sasa hivi, kabla ya kuondoka. Kompyuta ya kumbukumbu ilikuwa imezima tangu stima ilipopotea asubuhi, naye Musau hakuandika popote.

Sheria ilikuwa nyepesi: anayepokea zamu huyarudia maneno ya anayeikabidhi. Syombua hakuyarudia. Utani juu ya ukame wa kwao Katangi ulimchoma, akageuka.

Alipiga simu ya ukutani. Musau hakupokea. Akapiga tena.

Mkataba wake ulikuwa unakwisha Ijumaa. Mwezi uliopita watu wawili hawakuongezewa mkataba baada ya tangi kumwagwa. Kulikuwa na njia ya kujua: kuchota sampuli na kupima sukari. Lakini kulifungua tangi nje ya ratiba kulihitaji idhini ya Mwihaki, msimamizi, na Mwihaki angeuliza sababu.

Chupa ya mlo ilikuwa mkononi mwake. Kwao Katangi, homa hiyo iliwahi kulimaliza zizi la baba yake, mbuzi wakikohoa hadi wa mwisho. Aliirudisha chupa kwenye friji, akampigia Mwihaki.

"Sijui kama imekula," alisema. "Musau aliniambia, mimi sikurudia."

"Mbona hukurudia?"

"Nilikasirika, madam."

"Chota. Nakuja."

Mwihaki alifika akifunga barakoa. Walisimama bega kwa bega mbele ya kipimo. Namba ilipotokea, ilikuwa juu. Ng'ombe ilikuwa imeshiba.

Mwihaki alishusha pumzi. "Ungeongeza, tungekuwa tunamwaga kesho." Kisha akatoa kalamu. "Bado nitaandika ripoti. Wewe na Musau, wote wawili."

Simu ya ukutani ililia. "Mlikuwa mnanitafuta?" Musau aliuliza. "Si nilikwambia mbili? Mbili ya hapo kwa ukuta. Nilikusaidia."

"Siku nyingine usinisaidie kimya kimya," Syombua akamjibu.

Ijumaa mkataba ulikuja: wa miezi mitatu, si wa mwaka kama wa wenzake. Alitia sahihi, akaingia zamu. Kazi ilipokwisha, alimkuta Rodgers wa zamu ya usiku mlangoni.

"Imekula saa nane mchana. Mbili ya ukutani. Rudia."

"Aki Syombua, kwani tuko shule ya nasari?"

Syombua hakuondoka mlangoni.

"Saa nane mchana," Rodgers akasema. "Mbili ya ukutani."

Ndipo Syombua akampisha.