Mama Usukani

Wateja walimwita fundi Mzee Kimya, kwa sababu gari likiingia uani kwake kitu cha kwanza alichosema ni, "Nyamazeni, mwenye shida aseme." Mwenye shida ni gari. Mwenye gari, hata awe na cheo gani, alisubiri kwenye benchi.

Mkewe walimwita Mama Usukani. Kusaka mlio wa stelingi si kazi ya mtu mmoja: mmoja hulala chini akipapasa vyuma, mwingine hukaa kwenye kiti akazungusha. Miaka nenda miaka rudi, mzungushaji alikuwa yeye. Na kwa kuwa injini hunguruma, aliye chini asisikike, walikuwa na lugha yao. Fundi akigonga bodi kwa spana mara moja, mama anakata kulia. Mara mbili, kushoto. Mara tatu, basi, zima. Vijana waliowahi kujaribu kazi ile waliuvuta usukani kama wanaofukuza mwizi. Yeye aliuzungusha taratibu, mpaka chuma kibovu kikajitaja chenyewe.

Kisha kiharusi kikamwangusha jikoni. Kikaondoka na mkono wa kulia na maneno yote. Tangu hapo watu walimuuliza maswali na kujijibu wenyewe. "Mama anataka chai, eti? Haya, mleteeni." Walimpa kalamu, mkono wa kushoto ukachora mistari isiyosomeka, akaisukuma kando. Hatimaye binti yao mkubwa akaamua kumchukua mama akaishi naye kwake, mwendo wa siku nzima. Fundi hakubisha. Atamuuguza vipi, naye toka asubuhi yuko chini ya magari ya watu? Hewala haigombi. Lakini alipopewa kazi ya kufunga begi la mkewe, alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka jirani akaja kumsaidia.

Asubuhi ya safari binti aliwasili. Alipokata kona ya kuingia getini, gurudumu la mbele likalalama, ng'ooo, halafu tak.

"Limeanza lini hilo?" fundi akauliza hata kabla ya salamu.

"Shikamoo, Baba. Mwezi sasa. Wamebadilisha oili ya stelingi, wapi! Litatufikisha tu."

"Marahaba. Mama yako hapandi gari linalolia."

Moyoni alifurahi, kisha akaona aibu kufurahia ubovu wa gari la mwanawe. Akakagua oili, iko sawa. Mkanda, sawa. Akatikisa viungo vya magurudumu, vimekaza. Akalala chini, akapenyeza mkono nyuma ya tairi na kuishika springi ya shokapu. "Zungusha."

Binti akazungusha. Springi ikaruka kabla fundi hajajua imekwama wapi.

"Polepole, mwanangu."

"Ndiyo polepole yenyewe hiyo, Baba!"

Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Akajigusa kifua, akaonyesha gari.

"Wewe pumzika, Mama," binti alisema. Mama alikuwa ameshaanza kujiinua.

Wakamshika, wakamkalisha nyuma ya usukani. Fundi akarudi chini. Alifungua kinywa amwelekeze, akakumbuka anayemwelekeza ni nani, akachukua spana. Akagonga mara moja. Usukani ukaenda kulia, taratibu, kama zamani. Mara mbili. Ukaenda kushoto. Vidoleni mwake springi ikagoma, ikajikaza, ikaruka: tak. Ni beringi iliyo juu ya shokapu. Akagonga mara tatu, injini ikazimika.

Fundi akabaki pale chini, spana kifuani. Miezi yote wamehangaika kumtafutia mama lugha, na yeye alikuwa nayo mkononi. Mganga hajigangi, wanasema. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi.

Akafungua shokapu, akaibana springi, akaitoa ile beringi, kavu na kutu tupu. Akatia mpya, huku binti akipakia begi la mama kwenye buti. Kisha wakamrudisha mama kwenye usukani ili wahakikishe. Mara moja: kimya. Mara mbili: kimya. Akagonga tena mara moja. Tena mara mbili.

"Baba, si limepona?"

Alijua limepona tangu mzunguko wa kwanza. Alijua pia kwamba akigonga mara tatu kazi imekwisha, na mkewe anakwenda. Akagonga tena azungushe, kulia, kushoto. Lakini gari zima huwezi kulifanya bovu. Akagonga mara tatu.

Mama akazima. Akachomoa ufunguo, akaufumbata.

"Haya Mama, tukusogeze upande wa pili." Binti akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Mama akaugonga ule ufunguo kwenye dashibodi, mara tatu.

Binti akainama, akamtazama baba yake aliyekuwa bado chini. "Anasemaje?"

"Anasema basi."

"Basi nini? Mama, hutaki kwenda?"

Safari hii hakuna aliyemjibia. Binti alishika mlango akangoja, na fundi akangoja, shavu lake ardhini.

Mama akagonga tena mara tatu, kwa nguvu zaidi.

Binti akazunguka nyuma, akafungua buti na kulishusha begi la mama.